Barua ya wazi kwa waongoza watalii wa kaskazini: Oldupai nako kuna wanyama

Ndugu zangu madereva na waongoza watalii wa Arusha, Mto wa Mbu na Karatu,

Poleni na vumbi. Najua wengi mtaisoma barua hii kwenye simu, mmeegemea bodi ya gari, mkisubiri wageni wamalize kifungua kinywa, kwa hiyo sitazunguka. Mgeni wenu katoka kwao kuja kuona wanyama. Mnamvusha geti la Loduare, mnamshusha kreta, mnamtafutia faru mpaka macho yamuume, halafu mnakamata barabara ya Serengeti mkiwahi saa za kibali. Njiani mnachepuka Oldupai. Na hapo, katikati ya safari yote ya wanyama, wanyama wanasahaulika. Mgeni anasimuliwa Zinjanthropus, anasimuliwa Homo habilis, anasimuliwa Louis na Mary Leakey na yule mbwa wao wa Dalmatia, anaupiga picha ule mnara wa udongo mwekundu ulioko bondeni, anaenda msalani, anakula boksi lake la chakula, basi. Mnarudi barabarani mkisikiliza redio nani kaona simba.

Nimefundisha baiolojia sekondari maisha yangu yote ya kazi, na baadhi yenu mlikaa madawati ya nyuma darasani kwangu. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema kama mwalimu: nusu ya somo mnaiacha. Tena ni ile nusu ambayo ninyi mngeifundisha vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayewajua wanyama hai wa nchi ile kama mnavyowajua ninyi.

Siwalaumu peke yenu. Pale kwenye njia panda ya kuingilia Oldupai, tangu 2019 yamesimama mafuvu mawili makubwa ya kuchongwa, moja la Zinjanthropus na jingine la Homo habilis. Ni kazi nzuri, na wageni wanayapenda. Lakini hakuna hata pembe ya nyati pembeni yake. Mtu akipita pale atadhani zamadamu hao wawili waliishi peke yao kwenye bonde tupu.

Historia ya bonde lenyewe inasema vingine. Daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipofika pale 1911, alichoondoka nacho kwenda Berlin kilikuwa mifupa ya wanyama, ikiwemo ya farasi wa kale aliyekuwa na vidole vitatu katika kila mguu. Mifupa hiyo ndiyo iliyowashitua wataalamu wa kule, wakamtuma Hans Reck mwaka 1913, na Reck akakusanya visukuku zaidi ya 1,700, karibu vyote vya wanyama. Louis Leakey alikuja na Reck huyohuyo mwaka 1931. Fuvu la Zinjanthropus lilionwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Hesabuni: kwa miaka 48 bonde lile lilikuwa na jina duniani, na jina hilo lilibebwa na tembo, nyati, nguruwe na viboko. Binadamu kapanda basi likiwa limeshajaa.

Sasa hao wanyama wenyewe walikuwaje? Anzeni na kiboko, maana mgeni wenu katoka kuwaona viboko kwenye bwawa la kreta asubuhi ileile. Mwambieni amkumbuke yule kiboko alivyozama, yamebaki macho, masikio na pua. Kisha mwambieni kwamba hapa Oldupai aliishi kiboko mwingine, Hippopotamus gorgops, ambaye matundu ya macho yake yalipanda juu ya fuvu kupita kiasi, kama mtu aliyenyanyua nyusi akakataa kuzishusha. Fuvu lake ukilitazama kwa ubavu unaona wazi kwamba mnyama huyu angeweza kuzama zaidi kuliko wa leo na bado akakuangalia. Hapo mgeni mwenyewe atauliza: maji hayo yalikuwa wapi? Maana mahali mlipokaa ni pakavu, mkonge pori na vumbi. Na jibu lake ndilo mlango wa habari yote. Chini ya miguu yenu palikuwa na ziwa la magadi, likipanda na kushuka kwa misimu, na mito ya maji baridi ikiteremka kutoka milima ya Ngorongoro. Matabaka yale ya kijivu yaliyo chini kabisa, yenye umri wa kati ya miaka milioni 1.7 na milioni 2, ni majivu ya volkano na tope la ziwa hilo. Tabaka jekundu la juu yake limekuja baadaye, ziwa likiwa limeshapungua na nchi imekauka.

Halafu nyati. Pelorovis oldowayensis, aliyeelezwa na Reck mwaka 1928, alikuwa na pembe zilizopinda kwenda nje na nyuma, na kutoka ncha moja hadi nyingine zilikaribia mita 2. Pimeni upana wa Land Cruiser yenu. Kwenye korongo moja la pembeni, wanaloliita BK, akina Leakey walikuta mabaki ya kundi zima la nyati hao kwenye udongo wa kinamasi, pamoja na zana za mawe. Louis Leakey alisema waliswagwa na wawindaji wakanasa matopeni. Wengine baada yake wamesema wangeweza kunasa wenyewe, wawindaji wakafuata nyama. Mimi naliacha wazi darasani, na ninyi liacheni wazi garini. Wageni hupenda kubishana jambo lisilo na mshindi kuliko kupewa jibu. Na hiyo K ya BK, kama hamkuwahi kuuliza, ni korongo, neno letu hili hili. FLK alipopatikana Zinjanthropus ni Frida Leakey Korongo. Maprofesa wa dunia nzima wanaandika Kiswahili katika vitabu vyao, na mwongozaji wa Karatu anaona haya kulitamka.

Tembo walikuwepo wa aina mbili za ajabu. Mmoja amepewa jina la Reck, Elephas recki, ambaye dume lake lilipita mita 4 begani. Tembo mkubwa kabisa mnayemwona leo kreta angeonekana kijana mbele yake. Mwingine ni Deinotherium, ambaye meno yake marefu hayakutoka taya la juu. Yalitoka taya la chini, yakapinda kuelekea ardhini. Alivyoyatumia hakuna anayejua kwa hakika, na mtoto yeyote mkimchorea mnyama huyo kwenye vumbi atawapa nadharia yake mwenyewe. Palikuwa pia na Sivatherium, ndugu wa twiga mwenye shingo fupi na mwili mzito wa fahali. Palikuwa na nyani mkubwa, Theropithecus oswaldi, mla nyasi, ambaye jamaa yake pekee aliyebaki anaishi nyanda za juu za Ethiopia. Palikuwa na paka wakubwa wa meno marefu kama majambia. Na katikati yao walikuwepo ambao mgeni anawafahamu: pundamilia, swala, jamaa wa kongoni, nyumbu. Nyumbu amekuwepo nchi ile kabla hajatokea mtu wa kumhesabu.

Ila kama mna dakika tatu tu, na mara nyingi ndizo mlizonazo, wekeni zote kwa mamba.

Mwaka 2010 wataalamu, mmoja wao akiwa Mtanzania, Jackson Njau, walimtangaza mamba wa kale wa Oldupai kuwa ni spishi yake peke yake. Hakuwa mamba wa Nile tunayemjua Mara na Grumeti. Alikuwa na pua nene, na nyuma ya macho vinundu viwili vilivyosimama kama vipembe. Wakampa jina Crocodylus anthropophagus, yaani mla watu, na si jina la kutisha watoto. Kabla ya hapo Njau na mwenzake Robert Blumenschine walikuwa wamewalisha mamba wa siku hizi nyama yenye mifupa, kisha wakaisoma mifupa iliyobaki: mamba hatafuni, anang'ata, anajizungusha, anararua, na jino lake linaacha shimo lenye mfereji katikati ambao fisi wala simba hawauachi. Kisha wakarudi kwenye mifupa ya Oldupai wakiwa na macho mapya. Alama hizo wakazikuta kwenye mifupa ya wanyama waliokwenda kunywa maji. Wakazikuta pia kwenye mfupa wa wayo wa OH 8, ule wayo maarufu uliopatikana 1960 ambao vitabu vyote huutaja kuonyesha kwamba zamadamu alikwisha kutembea wima kama sisi.

Tafakarini jambo hilo. Wayo ule tunaujua vizuri kwa sababu sehemu yake kubwa ilihifadhiwa kwenye tope la ziwa. Na mmoja wa walioushughulikia kabla yetu ni mamba. Mkimwambia mgeni hivyo pale ukingoni, akiangalia chini bondeni, hataangalia tena yale mafuvu ya njia panda kama sanamu za mashujaa. Atamwona kiumbe wa kimo cha mtoto wa shule ya msingi, anainama kunywa maji, anaangalia huku na huku. Hiyo ndiyo maana ninasisitiza wanyama. Bila mamba, bila yule paka wa majambia, bila fisi, zamadamu ni fuvu tu kwenye kioo.

Kuna jambo jingine ambalo linanisisimua mimi kuliko linavyosisimua watu wengine, nalo ni magego. Ndani ya makumbusho ya Oldupai, lile jengo jipya lililofunguliwa 2017, msipite mbio. Gego la tembo wa kale likiwekwa mbele yenu, inameni mlitazame juu, upande wa kutafunia. Mtaona kuta nyembamba za enameli zimepangana sambamba kutoka mwanzo wa jino hadi mwisho, na kati yake mabonde yaliyojaa kitu kigumu cha rangi hafifu. Kuta hizo ndizo msasa wake. Sasa Elephas recki aliishi Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka milioni 2, na wataalamu wakiyapanga magego yake kwa umri, wanaona kuta zinaongezeka idadi, zinakuwa nyembamba, na jino zima linarefuka kwenda juu. Nyasi ni chakula kibaya kwa meno. Zina chembe ngumu ndani yake, na zinaliwa na vumbi. Jino refu linachelewa kuisha. Yaani ndani ya gego mnasoma habari ya pori kurudi nyuma na mbuga kusogea mbele. Serengeti mnayoiendea mchana huo imeandikwa pale.

Nguruwe nao walipita njia hiyohiyo, gego lao la mwisho likirefuka kizazi baada ya kizazi, na hawa nguruwe waliwahi kuamua kesi kubwa. Mwaka 1972 huko Koobi Fora, mashariki ya ziwa Turkana, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu lililokuja kuitwa 1470. Tabaka la majivu lililokuwa juu yake lilikuwa limepimwa maabara na kupewa miaka milioni 2.6. Fuvu lenye ubongo mkubwa vile, la zamani vile! Vitabu vilianza kuandikwa upya. Ila waliosoma nguruwe walikuwa wanaguna: nguruwe wa tabaka hilo la Koobi Fora walifanana na nguruwe waliojulikana bonde la Omo kwamba ni wa miaka kama milioni 2 tu. Mabishano yakawa makali miaka kadhaa. Majivu yakapimwa upya, na umri unaokubalika leo ni karibu milioni 1.9. Mashine ilikosea, nguruwe wa kale akawa sahihi. Mkimwona ngiri anakata barabara mkia juu, antena hiyo, na wageni wanacheka kama kawaida, mnayo hadithi ya kuwapa.

Laetoli siizungumzi kwa kirefu kwa sababu mgeni haendi kirahisi, na hata akienda hazioni zile nyayo za zamadamu. Zimefukiwa kwa makusudi. Baada ya kufukiwa mara ya kwanza, miti ya migunga iliota juu yake na mizizi ikatishia kuzipasua, ikabidi kati ya 1995 na 1996 zifukuliwe, zitibiwe na kufunikwa upya kwa matabaka ya mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Naunga mkono zibaki hivyo. Lakini kisa chake kinasimulika popote, hata kwenye foleni ya geti la Naabi. Nyayo za kwanza kuonekana Laetoli zilikuwa za wanyama. Mwaka 1976 wanasayansi wageni waliotembelea kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirudi jioni huku wakirushiana mavi makavu ya tembo, mchezo wa watoto kabisa, na mmoja wao, Andrew Hill, akajikuta yuko chini uso umekaribia mwamba. Mbele yake kulikuwa na alama za matone ya mvua na kwato. Nyayo za zamadamu zilikuja miaka miwili baadaye, 1978.

Mvua hiyo iliyoacha matone ndiyo iliyofanya kazi. Volkano ilitema majivu ya aina ambayo kwa jirani yetu Ol Doinyo Lengai si ajabu, yenye chumvi za kaboneti. Yakilowa na kukauka yanaganda kama saruji. Wanyama wakapita yakiwa bado mabichi, majivu mengine yakaangukia juu yake, na miaka milioni 3.66 ikapita. Kuna sungura, kanga, digidigi, twiga, faru, tembo. Kuna farasi wa vidole vitatu na mtoto wake, na hatua zao zilipimwa na mtaalamu mmoja, Elise Renders, aliyeonyesha mwaka 1984 kwamba walikuwa wakienda ule mwendo wa haraka laini ambao farasi wachache wa siku hizi wanao. Mwendo wa mnyama ambaye ukoo wake umekwisha duniani! Mifupa haiwezi kukwambia hivyo. Na jambo moja la kulinganisha na Oldupai: Laetoli hakuna mamba wala kiboko, kwa kuwa hapakuwa na ziwa. Visukuku vya kule vinavyopatikana kwa wingi mno ni vya sungura, na sungura huyo kitaalamu anaitwa Serengetilagus. Mna sungura mwenye jina la mbuga yenu na hamumtumii.

Najua majibu yenu. La kwanza, saa. Kibali ni saa 24, kila dakika mnayokaa Oldupai mnaikata Serengeti, na ofisi ikipiga simu haiulizi habari za magego. Nakubali. Ndiyo maana sisemi mkae zaidi. Nasema saa ileile mnayosimama pale muigawe tofauti, na kilichobaki mkimalizie barabarani. Kutoka Oldupai mpaka Naabi mnaendesha kwenye tambarare ileile, majivu yaleyale, na Februari nyumbu wanazaa Ndutu mbele ya macho ya wageni. Hapo ndipo pa kusema kwamba walikuwepo nyumbu na jamaa zake wengine wengi hapa, wengine wakubwa kuliko hawa, na hawa ndio waliobaki.

La pili, majina. Hayatamkiki, mnasema, na mgeni profesa atawachekea. Achaneni na majina. Semeni kiboko wa macho ya juu, nyati wa pembe mita 2, tembo wa meno ya chini. Profesa atakuja na jina lake mwenyewe, mwacheni alitaje, mshukuruni, endeleeni. Sisi wenyewe darasani wanafunzi hawakumsahau Deinotherium kwa jina. Walimkumbuka kwa meno yaliyoelekea chini.

La tatu hamlisemi, lakini naliona: mnadhani habari hizi ni za watafiti wa pale bondeni na wahudumu wa makumbusho. Hapana. Wale wanaongea na anayefika kwao kwa robo saa. Ninyi mko na mgeni siku tano, sita, kutwa nzima garini, na siku hizi mna mabasi ya wanafunzi wetu pia, Jumamosi, kutoka Arusha na Babati, ambao kitabu chao cha historia kina ukurasa wa Zinjanthropus na hakina hata mstari wa mamba wake.

Nina ombi moja zito zaidi, nalo halihusu kusimulia. Kila nikienda huko namsikia mtu akisema aliokota kijiwe chenye umbo la jino akaweka mfukoni, au dereva wake alimwambia haina neno. Ina neno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu 1979, lakini hata sheria isingekuwepo sababu ingebaki palepale. Jino la nguruwe likiwa limelala kwenye tabaka lake linapima umri wa kila kilicho jirani yake, kama nilivyowaeleza. Likishaingia mfukoni halipimi chochote. Mvua za masika kila mwaka zinaosha kingo za makorongo na kufunua vipya. Mkikiona kitu, msikiguse, pigeni picha na simu mkiweka kalamu kando kwa ajili ya kipimo, mkumbuke mahali, mkawaeleze wa makumbusho. Taya la Laetoli linaloitwa LH 4, ambalo ndilo kielelezo rasmi cha spishi nzima ya Australopithecus afarensis duniani, liliokolewa hivyohivyo na jicho la Maundu Muluila, mtu wa kikosi cha ukusanyaji, mwaka 1974. Hakuwa na shahada.

Mwezi wa nne na wa tano kazi inapungua na magari mengi yako gereji. Napendekeza wakati huo vyama vyenu viwaombe watu wa makumbusho siku moja tu, mwingie ninyi wenyewe kama wageni, bila wateja, mshike vielelezo vya kufundishia, muulize maswali yote mliyoona aibu kuyauliza mbele ya Mzungu. Mimi nitakuja kwa nauli yangu. Nitaleta michoro ya magego, na nitakaa nyuma.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia
Karatu